Damu Nyuma ya Mfupa

Njia ya kupima damu ya ubongo inaanzia kwenye tundu. Mwaka 1877, mjini Turin, Italia, mwanafiziolojia Angelo Mosso alikutana na mkulima aliyepasuliwa fuvu na tofali lililomwangukia. Mosso aliweka kifaa cha kuchora mapigo juu ya pengo lile na kingine mkononi. Kengele ya kanisa ilipolia saa sita mchana, mapigo ya ubongo yakapanda, ya mkononi yakabaki vilevile. Mosso akamuuliza kama alikumbuka sala yake. Mchoro ukapanda tena.

Lakini wagonjwa waliopasuka vichwa hawapatikani kila siku. Mosso akatengeneza ubao wa mizani: mtu alilala chali, ubao ukasawazishwa, kisha akapewa jambo la kufikiri ili ionekane kama upande wa kichwa utashuka. Wengi huucheka ubao ule. Mimi naona ndio uliouliza swali sahihi, yaani damu ya ubongo ipimwe vipi bila kumjeruhi mwenye nao?

Jibu lilichelewa, na kwanza ilikuja sindano. Miaka ya 1940, huko Philadelphia, Seymour Kety na Carl Schmidt waliwavutisha watu gesi ya kucheka, huku wakichota damu kutoka kwenye ateri na kutoka kwenye mshipa wa shingoni unaorudisha damu ya ubongo. Walipata takriban mililita 54 kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Kwa mgonjwa wa kiharusi hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa ni wastani wa ubongo mzima, na kiharusi hushambulia kona moja. Kona hiyo ikishuka chini ya mililita 20 hivi, seli hunyamaza. Ikikaribia 10, zinakufa. Kati ya hapo daktari bado ana la kuokoa.

Mlango wenyewe ulikuwa karibu na sikio. Mwaka 1982 Rune Aaslid, Mnorwe aliyekuwa Bern, Uswisi, na wenzake walielekeza mawimbi ya sauti ya megahezi 2 kwenye panja, mahali ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba, wakasikia damu ikikimbia ndani. Wengi wetu tuna kidirisha hicho, ingawa kwa baadhi ya watu, hasa wazee, mfupa huwa mnene mno.

Waliofaidika sana ni watoto wenye selimundu. Mshipa wao wa ubongoni ukibanwa, hurusha damu kama mpira wa maji uliofinywa mdomo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 uliwachukua watoto ambao kasi ya damu yao ubongoni ilifika sentimita 200 kwa sekunde; kuongezewa damu mara kwa mara kulipunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 92. Muhimbili, Dar es Salaam, nako watoto wakapimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009.

Hata hivyo kasi si kiasi. Kiasi kilipata njia yake mwaka 1992, pale John Detre na wenzake walipotumia MRI kuitia alama ya sumaku damu ikiwa bado shingoni, kisha kuipiga picha ikishafika kichwani, bila sindano wala dawa. Tatizo ni kwamba alama hiyo hufifia ndani ya sekunde chache. Mshipa ukiwa umeziba nusu na damu ikazunguka kwa njia ndefu, picha huonyesha weusi mahali ambapo damu ipo, imechelewa tu. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa aina hiyo mashine hutegwa isubiri zaidi kabla ya kupiga picha.