Ruwej na bangili ya ufalme: namna inchi ya Walunda ilivyozaliwa katika mikono ya mwanamke

Masimulizi ya Walunda juu ya mwanzo wa ufalme wao hayaanzi na vita. Yanaanza na binti mmoja, Ruwej, ambaye wengine wanamwita Lueji, katika bonde la mto Nkalany, upande wa Kapanga, jimbo la Lualaba la leo. Wengi wetu tuliyasikia tangu utoto, lakini mara nyingi tunayasimulia kama hadithi ya mapenzi tu: eti mwindaji alifika, binti wa mfalme akampenda, basi. Kumbe ndani yake mna siasa, tena siasa ya akili nyingi.

Tukumbuke kwanza mambo yenyewe. Mzee Nkond alikuwa anasuka mkeka. Karibu naye palikuwa chungu cha maji ya kuloweka nyuzi, na maji yale yalikuwa yamegeuka meupe. Watoto wake wawili wanaume, Kinguri na Chinyama, wakafika wamelewa, wakadhani ni malafu ambayo baba anawanyima. Wakamtukana na kumpiga. Ruwej ndiye aliyemtunza. Mbele ya kufa, mzee aliwanyima wale wawili urithi, akampa binti yake lukano, ile bangili ya mishipa ya watu ambayo ni alama ya ufalme.

Lakini Ruwej hakutawala peke yake. Kulikuwa na Tubungu, ni kusema wakubwa wa koo, wenye udongo. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na lukano ndiyo iliyowaunganisha. Wao walimlinda Ruwej, juu ya kaka zake walikuwa hawajakubali. Kwa hiyo serikali ile ya kwanza ilisimama juu ya mapatano: bila wazee, binti hana nguvu, bila binti, wazee hawana kitu cha kuwafunga pamoja.

Kisha akafika Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba. Ruwej akaolewa naye. Ilipofika siku zake za mwezi, desturi ilimkataza kuvaa lukano, basi akamkabizi mume wake, na utawala ukaenda pamoja na bangili. Kinguri na Chinyama walikataa kutii mgeni. Mmoja akaenda magharibi, katika inchi ambayo leo ni Angola, mwingine akaelekea kusini, upande wa Zambezi ya juu. Masimulizi mengi yanasema vilevile kwamba Ruwej hakuzaa, na kwamba alimpa Chibinda bibi mwingine, Kamonga. Mtoto wa bibi huyo ndiye Yav, ambaye jina lake limebaki katika cheo cha Mwant Yav hata leo.

Hapa watu wengi wanafunga mazungumzo: mwanamke alipoteza ufalme, mwanaume akaupata. Lakini tuangalie vyeo. Kwa Walunda, anayerithi cheo anarithi pia jina na undugu wa yule wa kwanza. Kama babu fulani alikuwa kaka wa mfalme, warithi wake wote watakuwa kaka za mfalme, hata miaka mia mbili ikipita. Kwa njia hiyo Ruwej hakufa: mwanamke anayekaa kwenye cheo cha Swan Murund anakaa nafasi yake. Na pembeni ya Mwant Yav yuko Rukonkish, mama wa ufalme. Mreno Henrique de Carvalho, aliyefika Musumb katika miaka ya 1880, alimkuta na baraza lake mwenyewe na watu wake mwenyewe. Sauti yake ilihesabiwa pia katika kumchagua mfalme mpya.

Wanahistoria hawachukui masimulizi haya jinsi yalivyo. Mwaka 1998 Jan Vansina aliandika wazi kwamba ile safari ya Kinguri, kama inavyosimuliwa, haikutokea. Sawa. Lakini swali linabaki. Kama hadithi ilitungwa ao ilipangwa upya kwenye baraza la wafalme, wangeweza kuanza na mwindaji na upinde wake. Juu ya nini walimweka binti mbele? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu mgeni anaweza kuleta nguvu, lakini hawezi kuleta udongo. Ili Tubungu wamkubali, ilipasa apite kwa mtoto wa inchi. Jina la Ruwej ndilo haki yake ya kukaa pale. Na undugu ule wa vyeo ulisaidia Walunda kupanua ufalme bila kufuta wakubwa wa udongo. Katika karne ya 18 ulifika mpaka Luapula, kwa Kazembe.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Ni hadithi hiihii inayosema mwili wa mwanamke unaharibu bangili, na wako wanaoitumia kuwanyamazisha wamama. Lakini tangu Katiba ya 2006 ilipoandika usawa wa wanaume na wanawake katika kifungu cha 14, tunasikia mara nyingi kwamba jambo hilo ni la wazungu, kwamba kwetu mwanamke hatawali. Mwenye kusema hivyo katika Katanga anasahau Musumb. Tunapowasimulia watoto habari za Ruwej, tusiishie kwenye ndoa. Tuwaambie pia juu ya Tubungu waliomkubali, na juu ya vile viti viwili vya wamama ambavyo ufalme haukuviondoa.