Tofauti za kimaumbile za tezi dundumio

Tofauti za kimaumbile za tezi dundumio (pia: tezi ya thiroidi) ni hali ambapo umbo au mahali pa tezi hiyo ya shingoni, pamoja na neva, ateri na tezi ndogo zinazoizunguka, si sawa kwa watu wote. Nyingi hazina dalili, lakini ni muhimu sana wakati wa upasuaji wa rovu (goita).

Umbo la kawaida

Tezi hii hufanana na kipepeo. Ina sehemu mbili, kulia na kushoto kwa bomba la hewa, zilizounganishwa kwa daraja jembamba. Kwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Kwa watu wachache daraja hilo halipo.

Asili ya tofauti

Mtoto akiwa tumboni, tezi huanzia kwenye shina la ulimi na kushuka shingoni, ambako hufika takriban wiki ya 7. Kwa karibu nusu ya watu hubaki sehemu ya tatu, yenye umbo la piramidi, inayopanda kutoka kwenye daraja. Njia ya kushukia isipofungika, uvimbe wenye majimaji unaweza kutokea katikati ya shingo.

Mara chache tezi haishuki, bali hubaki ulimini. Mara nyingi hiyo ndiyo tezi pekee aliyo nayo mtu. Ikiondolewa kwa kudhaniwa kuwa uvimbe tu, mgonjwa atahitaji vidonge vya homoni maisha yake yote.

Viungo vya jirani

Neva inayoendesha nyuzi za sauti kwa kawaida hushuka, huzunguka ateri kubwa, kisha hupanda nyuma ya tezi hadi kwenye zoloto. Kwa mtu mmoja kati ya 100 au pungufu, neva ya kulia haizunguki, bali huenda moja kwa moja. Ikikatwa, sauti hukwaruza; zikikatwa neva za pande zote mbili, kupumua huwa kwa shida.

Tezi za parathiroidi, ambazo hulinda kiwango cha kalisi katika damu, kwa kawaida ni 4, lakini wengine wana 3 au 5. Baadhi ya watu wana pia ateri ya ziada inayopanda mbele ya bomba la hewa, ambayo inaweza kuvuja damu nyingi ikijeruhiwa.

Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alionyesha mwaka 1883 madhara ya kuondoa tezi yote.

Nchini Tanzania

Katika Nyanda za Juu za Kusini, ukiwemo mkoa wa Njombe, rovu lilienea kwa muda mrefu kwa sababu udongo una iodini kidogo. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 sheria ilitaka chumvi itiwe iodini.

Iodini huzuia rovu, lakini haibadilishi umbo ambalo mtu amezaliwa nalo. Rovu kubwa husukuma neva na bomba la hewa kando, hivyo tofauti hizo huwa ngumu zaidi kutambulika. Kwa hiyo uvimbe wa katikati ya shingo hupimwa kwa ultrasaundi kabla ya upasuaji, ili kuhakikisha kwamba tezi ipo mahali pake.