Kodi ya Kichwa, Kodi ya Nyumba na Karo ya Mtoto

Kila mwaka siku za Noeli twasikia jinsi Yosefu na Maria walivyofunga safari mpaka Bethlehemu kuandikishwa, kwa sababu Kaisari alitaka watu wake wahesabiwe. Hesabu za namna ile zilikuwa kwa ajili ya kodi. Hakuna aliyemwuliza Yosefu kama kodi hiyo ni ya haki, wala itajenga kitu gani. Alitii, akaenda. Wazee wetu wa Kamina na wa nchi yote ya Waluba walitii namna hiyohiyo. Tumeona vema kuandika habari zao, maana watu hunung'unika juu ya kodi, kisha hunung'unika juu ya shule, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana.

Zamani za Mfalme Leopold II kodi haikuwa feza. Ilikuwa kazi, na mpira, na pembe, na chakula cha kulisha posta na askari. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni ya Ubelgiji, na dekreti ya 2 Mei 1910 ikaweka kodi ya feza juu ya wanaume wazima. Watu waliiita kodi ya kichwa, na jina hilo lilikuwa la kweli, maana haikutazama mtu ana nini. Mwenye mashamba mapana na mwenye nguo moja, wakiwa wa kijiji kimoja, walidaiwa sawasawa. Mwenye wake wengi aliongezewa. Baadaye baba wa ndoa ya mke mmoja mwenye watoto wanne alisamehewa, na twadhani walikuwako akina baba waliohesabu watoto wao kwa furaha siku ya kodi kuliko siku nyingine zote.

Lakini mtu wa kijijini atapata wapi faranga? Hapo ndipo kusudi la pili la kodi linapoonekana. Union Minière ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906 na ilitaka mikono. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya kwenda Port-Francqui, ndiyo Ilebo, ilifunguliwa ikipita hapa Kamina. Njia hiyo nayo ilitaka mikono. Kijana aliyeogopa kufungwa kwa ajili ya kodi aliacha shamba la baba yake, akaenda kupiga sururu. Kwa hiyo kodi ile ilileta vibarua kwanza, na feza baadaye.

Je, ilileta shule? Kidogo sana, na kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1922 Roma iliweka Prefektura ya Kitume ya Lulua na Katanga ya Kati, ambayo ndiyo mzizi wa jimbo letu la Kanisa la Kamina, nayo ilikabidhiwa kwa Wafransiskani. Tangu katikati ya miaka ya 1920 Serikali ilianza kutoa msaada wa feza kwa shule za misioni za Kibelgiji. Lakini shule ya kijijini, ile ya miti na nyasi iliyokuwa kapela siku ya Dominika na darasa siku ya Jumatatu, haikujengwa na msaada huo. Wanakijiji walikata miti, wanawake walipiga udongo, na katekista alilishwa kwa muhogo wa watu. Hiyo ilikuwa kodi ya pili, isiyoandikwa katika daftari lolote. Twaitaja kwa sababu sisi makatekista tu wazao wa muhogo ule, na kwa sababu haikuhitaji askari. Watu waliona ukuta ukisimama, wakaona mtoto wao ameketi ndani.

Mwaka 1933, kwa dekreti ya 5 Desemba, Serikali ilipanga upya usheferi na sekta, ikazipa sanduku lake la feza. Watu waliongezewa kiasi juu ya kodi ya kawaida kwa ajili ya sanduku hilo, na kazi kama barabara na zahanati na shule ziliweza kulipwa kutoka humo. Mpango ulikuwa mzuri kwa maandishi. Lakini waliokaa katika baraza la sekta walikuwa shefu na wazee waliokubaliwa na Leta, na hesabu haikupita bila idhini ya administrata. Mlipaji hakuchagua mtu, wala hakusikia hesabu.

Tupate kuona kwamba mambo yangaliweza kuwa tofauti, tutazame jirani zetu wa Kenya. Huko sheria ya mwaka 1924 iliunda Mabaraza ya Wenyeji katika kila wilaya. Nayo yalikuwa chini ya mkono wa mkubwa wa Serikali, kwa maana Bwana DC ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na baadhi ya wajumbe waliteuliwa. Hata hivyo wengine walipendekezwa na watu wenyewe, na baraza liliweza kuamua kutoza kodi yake juu ya ile kodi ya nyumba ya Serikali. Walipopata neno hilo, walitaka nini? Walitaka shule. Wakikuyu na watu wa Kavirondo walikubali kujitoza wenyewe, wakaweka akiba miaka mingi, wakaisumbua Serikali mpaka ikajenga. Shule ya Kakamega ilifunguliwa mwaka 1932, na ya Kagumo huko Nyeri mwaka 1933. Watu walewale waliokuwa wakilalamikia kodi ya nyumba walipandisha kodi nyingine kwa mapenzi yao.

Si haki kuficha upande mwingine wa habari hii. Misioni nyingi hazikuipenda sana, Wakatoliki na Waprotestanti pia, kwa kuwa shule hizo zilikuwa nje ya mikono yao. Kwetu Kongo hofu kama hiyo ilitokea mwaka 1954, waziri Auguste Buisseret alipofungua shule za Serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika. Mabishano yakawa makali, na maaskofu wakajitetea. Lakini angalieni tofauti: Kenya waliotaka shule zile walikuwa walipaji wenyewe katika baraza lao, na kwetu aliyeamua alikuwa waziri aliyekaa Brussels. Mzazi wa Kamina alisikia ugomvi huo kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji kingine.

Kura ilikuja, lakini ilichelewa, na haikufika hapa. Mwezi wa Desemba 1957 watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walichagua washauri wa komini zao, wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Kodi ya feza ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 47. Baada ya hapo siasa ilikwenda mbio: uhuru mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga mpaka Januari 1963, na machozi ambayo wazee wa nchi hii hawapendi kuyasimulia. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alitangaza kuzitwaa shule za misioni, na kwa mkataba wa 26 Februari 1977 akarudisha uongozi wake kwa makanisa. Ndizo shule tunazoziita za mkataba.

Sasa twafika penye kidonda. Katika miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa kama haupo. Ili shule zisifungwe, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wenyewe, na malipo hayo yakaitwa primu. Kanisa, lenye shule nyingi za mkataba, lilikubali utaratibu huo, na bila huo madarasa mengi yangaliota majani. Twasema hivi kwa shukrani. Hata kiasi chenyewe mara nyingi kilipitishwa katika mkutano wa wazazi, kwa mikono juu. Kwa wazazi wengi ndiyo kura pekee waliyoipata juu ya feza za shule.

Lakini kura ile ilimwangukia nani? Sisi tuliosoma miaka ile twakumbuka asubuhi za kuitwa majina. Aliyelipa aliketi, asiyelipa alichukua daftari lake akarudi nyumbani, na njiani alikutana na wenzake wa shule nyingine wenye kosa lilelile. Mzazi wa watoto sita alidaiwa mara sita, na tajiri mwenye nyumba tano za kupangisha na mtoto mmoja alidaiwa mara moja. Kumbe tulikuwa tumerudia kodi ya kichwa, na safari hii kichwa kilikuwa cha mtoto. Wengi waliinua mkono, na mjane aliyeketi nyuma alinyamaza, kwa kuwa kura ya wengi ilikuwa imekwisha pita. Hapo twaona kwamba kupiga kura peke yake hakutoshi, bali yafaa kuuliza pia mzigo unawekwa juu ya bega gani.

Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya Serikali ni bure, na mwezi wa Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutendeka nchi nzima. Watoto walifurika hata madarasa yakawa membamba. Primu ya shule ya msingi ilikatazwa, lakini dawati na bati havikukatazwa kuharibika. Feza zake zitatoka wapi?

Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 204, imeweka kodi ya nyumba na viwanja mikononi mwa majimbo, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya magari. Kodi ya nyumba yenyewe si mpya, iko katika sheria ya 10 Februari 1969. Haiangalii vichwa vya watoto. Inaangalia nyumba, ukubwa wake na mahali ilipo, na mwenye nyumba ndiye anayedaiwa. Tangu mwaka 2015 sisi ni jimbo la Haut-Lomami, na wajumbe wanaokaa hapa Kamina ndio wenye kupitisha bajeti ya jimbo na sheria zake, ziitwazo edi. Kifungu cha 175 kinasema tena kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni fungu la majimbo, lishikwe palepale yanapotoka. Nalo fungu hilo limezoea kuchelewa na kupungua njiani. Kwa hiyo kodi ya nyumba, hata ikiwa ndogo, ni feza iliyo karibu nasi, ambayo mtu aweza kuifuata kwa macho.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulisimama katika mistari mirefu. Mashine ilituuliza mara nne: rais, mjumbe wa taifa, mjumbe wa jimbo, na mshauri wa komini. Kwa wengi wetu kumchagua mshauri wa komini lilikuwa jambo la kwanza maishani. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inataja, kati ya kazi za baraza la komini, kuanzisha shule na kujenga na kutengeneza madarasa. Lakini jua lilikuwa kali, nyuma watu walisukumana, na tulipofika kwenye jina la nne wengi wetu tulibonyeza upesi, tukatoka.