Kuhamisha Sehemu ya Klarineti: Hesabu, Sauti na Wajibu wa Mwandishi

Makala haya yanadai kwamba kuhamisha sehemu ya klarineti kutoka kwa mwanafamilia mmoja kwenda kwa mwingine ni kazi ya uhariri, wala haiishii kwenye hesabu ya toni. Anayeifanya ana wajibu wa kuandika alichobadilisha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Noti ya C iliyoandikwa husikika B flati kwenye klarineti ya kawaida na A kwenye klarineti ya A. Kwenye klarineti ya besi hushuka oktavu nzima na toni moja. Vidole ni vilevile, urefu wa bomba ndio unaotofautiana. Mwanakwaya aliyezoea sol-fa ana nusu ya ujuzi huu tayari, maana kwake do huhama kila ufunguo unapohama.

Tuchukue mwalimu wa Maisaka, mjini Babati, mwenye klarineti ya B flati na nakala ya Konseto ya Klarineti ya Mozart, K. 622, inayochapishwa kwa klarineti ya A. Wengi wameisikia Adagio yake bila kuijua jina, kwani ilitumika katika Out of Africa, filamu ya 1985 kuhusu Kenya ya ukoloni. Akitaka sauti zibaki zilivyo, atashusha kila noti nusu toni. Kipande cha kwanza, kilichoandikwa katika C bila shapu yoyote, kitahamia B yenye shapu tano. E ya chini kabisa itageuka E flati, ambayo klarineti ya kawaida haina.

Tatizo kubwa zaidi halionekani karatasini. B ya mstari wa kati hupigwa kwa kuziba matundu yote. Bomba zima hulia, na sauti hujaa. Ikishushwa nusu toni inakuwa B flati, inayopigwa kwa funguo mbili za juu huku matundu yakiwa wazi, na sauti yake ni nyembamba. Msikilizaji anapata kimo kilekile, ila uzito wa noti umepotea. Mhariri makini hukagua kila sentensi ya muziki inayotua hapo.

Wapo watakaosema: bonyeza kitufe cha kinanda, pandisha usindikizaji nusu toni, mpigaji asome kama ilivyoandikwa. Kwa mwanafunzi anayesindikizwa na kinanda cha umeme, hiyo ndiyo njia bora. Haifai pale anapopiga na piano ya kawaida au ala za nyuzi, ambazo haziwezi kuhamishwa kwa kitufe.

Historia ya konseto hiyo inaonyesha kwa nini kumbukumbu ni muhimu. Mozart aliianza kwa baseti honi ya G, ala ya familia ya klarineti, kisha mwaka 1791 akaihamishia klarineti ya baseti ya rafiki yake Anton Stadler, iliyoshuka hadi C iliyoandikwa, chini ya E ya kawaida. Hati ya Mozart ilipotea. Matoleo ya 1801 yalipandisha vifungu vya chini ili vipigike kwenye klarineti ya kawaida. Tahakiki iliyochapishwa Leipzig mwaka 1802 ililalamikia badiliko hilo, na pamoja na kipande kilichobaki cha rasimu ya G, ndiyo iliyowasaidia wataalamu wa karne ya 20 kukisia umbo la awali. Wachapishaji hawakukosea kuhamisha. Bila wao wengi wasingeupiga muziki huo. Walikosea kutoacha alama ya wazi ya walipogusa.

Kwa hiyo nawasihi walimu na viongozi wa bendi, Maisaka na kwingineko: juu ya kila nakala mnayohamisha, andikeni ala ya awali, ufunguo wa awali, na kila mahali mlipopandisha, mliposhusha au mlipoacha noti. Ni mistari mitatu ya kalamu, na atakayekuja baadaye na klarineti ya A ataweza kuurudisha muziki ulivyokuwa.