Somo la Kwanza Sikisti-foo

Kila mwaka mji wetu hujaa mafresha. Utawatambua kwa godoro jipya lililofungwa nailoni na macho yanayotafuta stage ya matatu. Wanaosomea udaktari, uuguzi na afya ya jamii huishia karibu na Hospitali ya Rufaa ya Moi, na haupiti mwezi kabla ya kuwasikia kwenye kibanda cha chapati wakilalamika: seli, anatomia, fiziolojia, baiokemia. Kozi za msingi. Wengi huziona kama ada ya mlangoni: unalipa, unapita, unasahau. Mimi nilisomea historia, kwa hivyo nikisikia kilio hicho najiuliza swali lingine: nani aliamua kwamba mwanzo uwe pale?

Turudi nyuma. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa Eldoret hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Kulazwa humo uliweza. Kusomea udaktari, hiyo ilikuwa stori nyingine. Shule ya udaktari ya Makerere ilianza 1924, na kwa miongo kadhaa Mkenya mwenye ndoto hiyo alielekea Kampala. Reli yenyewe ilipita hapahapa Sikisti-foo. Nairobi ilipata shule yake ya udaktari 1967, na kwa zaidi ya miaka 20 ikabaki peke yake nchini.

Kisha ikaja ripoti ya mwaka 1981. Tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilipendekeza Kenya ipate chuo kikuu cha pili, na ripoti ileile ikapendekeza mfumo wa 8-4-4. Pendekezo la kwanza likatuletea Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. La pili likaanza kutekelezwa 1985, na ndilo lililofuta fomu faivu na fomu siksi.

Hebu fikiria maana yake kwa biolojia. Zamani mwanafunzi wa sayansi alikaa miaka miwili ya ziada shuleni akipasua chura, akichora seli na kuzoea hadubini kabla ya kuona lango la chuo kikuu. Chini ya 8-4-4 miaka hiyo ikatoweka, ila yale yaliyosomwa ndani yake bado yalihitajika. Mwili wa binadamu haukupunguzwa mada kwa sababu wizara imebadilisha silabasi. Mzigo ule ulihamia mwaka wa kwanza wa chuo.

Kundi la kwanza la 8-4-4 lilifanya KCSE mwaka 1989 na kuanza kuingia vyuo vikuu 1990. Mwaka huohuo wa 1990, kitivo cha sayansi za afya cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza hapa mjini. Matunda mawili ya ripoti moja yakakutana Eldoret.

Njia rahisi ingekuwa kuwajaza vijana kwenye ukumbi na kuwasomea notisi mpaka pengo lizibike. Eldoret ilichagua njia nyingine, iliyokuwa imeanza kutumika katika chuo kikuu cha McMaster nchini Kanada mwaka 1969 na kuenea hadi Maastricht na Linköping: kundi dogo la wanafunzi, mwalimu mmoja, na tatizo moja mezani.

Chukua mfano wa mtoto aliyeletwa na homa, amepauka viganja. Kwa nini malaria imemmaliza damu? Ili kujibu, lazima ujue chembe nyekundu ni nini, vimelea vinazipasuaje, bandama inafanya kazi gani, uboho unatengeneza damu mpya kwa kasi gani. Kisha swali linatoka nje ya mwili: kwa nini watu wa nyanda za juu kama Uasin Gishu, wasioumwa na mbu hao mara kwa mara, huugua vibaya mlipuko ukija? Hapo umeshika kinga ya mwili, mvua, neti na mfuko wa mzazi. Yote ni biolojia ya mwanzo, lakini sasa ina jina la mtoto.

Halafu kuna mpango wa COBES, unaowatoa wanafunzi darasani kuanzia mwaka wa kwanza na kuwapeleka kwenye vituo vya afya vya mashinani. Mtu anajifunza maji yanachotwa wapi na choo kiko umbali gani kutoka kisimani kabla hajaruhusiwa kuandika dawa hata moja. Naona hapo ndipo penye uzito wa historia hii: mji ambao Mwafrika alikuwa mgonjwa tu ukaamua kwamba mwanafunzi aanzie kijijini kwake.

Tusipambe lakini. Kundi dogo ni ghali. Linataka walimu wengi, vyumba, vitabu na intaneti isiyokatika. Idadi ya wanafunzi ikipanda na pesa zikibaki palepale, kundi la watu wanane linageuka mkutano, na vijana wanarudi kukariri usiku kucha.

Nasema haya kwa sababu saa hii mdogo wangu yuko Gredi ya 10, kundi la kwanza lililoingia Januari 2026. Amechagua njia ya sayansi, anataka kuwa nesi. Yeye na wenzake watagonga milango ya vyuo 2029 wakiwa na elimu ya aina tofauti kabisa na ile wahadhiri wamezoea. Wengine watakuwa wamefanya majaribio ya maabara kila wiki, wengine watakuwa wameyaona kwenye chati ukutani.

Kwa hivyo mabishano ya sasa kuhusu CBE, yale ya nani anastahili njia gani, yananiacha na wasiwasi mmoja. Tunahesabu madarasa ya sekondari, na ni sawa. Lakini mwaka wa kwanza wa chuo unaandaliwa na nani? Mwaka 1990 mji huu ulipokea wanafunzi wa mfumo mpya ukiwa na mpango wa kuwafundishia. Kufikia 2029 tumebakiwa na miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mdogo wangu ameshaanza kuchora seli.