Ukanamaana si Ukanamungu

Mwambie mtu wa Rongo au Ndhiwa, huku Nyanza, kwamba fulani hamwamini Mungu, atakuuliza: basi anaogopa nini? Swali zuri, ila limefunga mambo mawili kwa kamba moja. Kusema Mungu hayupo ni ukanamungu. Pwani huuita ilhadi, na mwenye nao mulhidi. Kusema hakuna lolote lenye uzito, si wema, si ukweli, si kuishi kwenyewe, hiyo ni habari nyingine. Vitabu huiita unihilisti, jina linalompita msomaji wa kawaida kama gari la serikali.

Asili yake ni Kilatini, nihil, yaani si kitu. Mwaka 1799 Mjerumani Friedrich Jacobi alimwandikia mwanafalsafa mwenzake Fichte akimlaumu kwamba falsafa yake ni unihilisti, inaishia patupu. Aliyelitoa neno hilo vyuoni likaingia midomoni mwa watu ni Mrusi Ivan Turgenev, katika riwaya yake ya mwaka 1862, Baba na Wana. Humo kijana Bazarov hainamii mamlaka yoyote. Hata hivyo anapasua vyura kwa bidii ya muumini, kwa hiyo hata yeye alikuwa na chake cha kushika.

Tofauti ya mambo haya mawili huonekana hata katika kupanda mbegu. Katika boma la Kijaluo, mvua zikianza, wenye boma hupanda kwanza, kisha wana wao mmoja baada ya mwingine kwa kufuata umri. Mdogo akimtangulia mkubwa amevunja kwer, yaani mwiko, na chira yaweza kumwandama: mtoto anakonda, ng'ombe wanakufa, mambo hayaendi. Sasa mfikirie msomi wa Homa Bay asemaye waziwazi kwamba mbinguni hakuna mtu, lakini mbegu zake zinakaa guniani mpaka kaka yake apande. Huyu ni mkanamungu kamili. Kumwita mnihilisti ni kumsingizia, maana kaka, boma na zamu bado vina uzito kwake. Jirani yake Msabato, ambaye kanisa lake liko Gendia tangu mwaka 1906, huenda akapanda siku anayotaka kwa kuwa Biblia imemwondolea hofu ya chira. Huyo amevunja mwiko kwa nguvu ya imani.

Kosa la kuchanganya kukataa jambo moja na kukosa imani yote ni la zamani. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alidai kwamba nyoka wa Ziwa Victoria, Mumbo, alimmeza kisha akamtema na kumpa ujumbe. Ujumbe wenyewe uliukataa Ukristo, ukaenea hadi Nyanza Kusini. Waliouona kama ukosefu wa dini hawakutazama vizuri: watu walikuwa na imani tele, sema haikuwa ile iliyoletwa na misheni.

Mwanafalsafa Mkenya Odera Oruka alikwenda kuwauliza wazee wenyewe, na kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga kikatoka mwaka 1990. Mmoja wa wazee hao, Paul Mbuya Akoko, alishikilia kwamba Mungu ni mmoja. Oruka Rang'inya, baba yake mtafiti, alikwenda mbali zaidi: kwake Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe, na ni kosa kumfanya kama mtu. Padri angeweza kusikia ukanamungu hapo. Mimi sisikii unihilisti hata kidogo, kwani wema umebaki mahali pake.

Tuuiteje basi unihilisti huo kwa Kiswahili? “Utupu” haufai, darasa zima litacheka, kwa kuwa utupu ni uchi. “Ubatili” una heshima, lakini umeshikwa na kitabu cha Mhubiri katika Biblia, na Mhubiri, pamoja na kuona yote ni bure, bado anamcha Mungu. Hilo lenyewe linaonyesha kwamba mtu aweza kuwa ndani ya imani na akaona dunia haina kitu. Mimi napendekeza ukanamaana, na mtu wake mkanamaana, kwa mfano wa ukanamungu. Kweli mtaani “hana maana” ni tusi, lakini “kukana” kunaonyesha kwamba mtu amefikiri akakataa.

Neno hilo lingewafaa wahakiki pia. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa hilihili. Katika Kichwamaji, riwaya yake ya mwaka 1974, mhusika mkuu Kazimoto anajiua. Darasani tumezoea kumweka chini ya udhanaishi. Lakini udhanaishi, walau ule wa Sartre, humwachia mtu jukumu la kujiundia maana yake mwenyewe, na Kazimoto hakulichukua. Ningekuwa nasahihisha mitihani, mwanafunzi aliyemwita mkanamaana ningempa alama zake.