Makavazi ya Nairobi na chimbuko la mwanadamu

AGHALABU historia ya Kenya husimuliwa kuanzia ujio wa wageni: Waarabu, Wareno, kisha Waingereza na reli yao. Anayezuru Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi hutambua kuwa masimulizi hayo yameruka sura ndefu mno.

Chanzo cha makavazi hayo ni mwaka wa 1910, wapenzi wa elimu ya viumbe walipoanza kukusanya vielelezo. Jengo la Museum Hill lilifunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni, na baada ya uhuru likawa makavazi ya taifa. Lilifungwa 2005 ili kukarabatiwa, likafunguliwa tena 2008.

Fahari yake kuu ni kijana asiye na jina. Mnamo Agosti 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kilifanana mno na vikokoto vilivyokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulifichua karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa mrefu, mwenye miguu ya kutembea masafa marefu, ila hakujaliwa kufikia utu uzima.

Kimeu mwenyewe hakupitia chuo kikuu. Mzaliwa huyo wa Ukambani aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba katika Bonde la Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1960, na hatimaye akaongoza kikosi cha wasaka visukuku. Mnamo 1985, Rais Ronald Reagan alimtunuku nishani katika Ikulu ya Marekani. Alifariki 2022. Hata hivyo, vitabu husheheni majina ya wasomi walioandika kuhusu mifupa hiyo, huku jicho lililoiona kwanza likitajwa kwa nadra.

Mbali na visukuku, mgeni hukuta ukumbi wa historia ya Kenya, ndege waliohifadhiwa na sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta tangu 1970 hadi alipokufa 1974.

Kwa hivyo, mwalimu anayewapeleka wanafunzi huko asiwaonyeshe mifupa pekee. Awatajie pia aliyeivumbua, ili wajue kuwa sayansi hiyo haikufanywa na wageni peke yao.